Karatasi ya Kavira Mwingine

Kwa karibu miaka miwili mume wangu alinitungia uzi kwenye sindano. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye karakana yake ya vitanda, Kasereka alikaa mlangoni penye mwanga, akachukua sindano kumi na kuzitia uzi moja moja kwa vidole vyake vinene vya seremala. Kisha alizichoma kwenye kipande cha sponji na kukiweka kando ya cherehani yangu: tano nyeusi, tatu nyeupe, mbili nyekundu. Sikumwomba. Aliniona siku moja nikilamba ncha ya uzi mara kumi na mbili bila kuliona tundu, akaninyang'anya sindano mkononi. Niliona aibu, kwa sababu fundi wa nguo anayetungiwa uzi ni kama mpishi anayelishwa.

Naandika haya sasa kwa kuwa mabaya yamepita na naweza kuyacheka baadhi. Najua kuna mtu huko, labda mwanafunzi, labda mama kama mimi, anayeona herufi zina vivuli na anaambiwa anajidekeza. Ugonjwa wenyewe waachieni madaktari. Mimi nitasema habari za viti vya kungojea, na za karatasi moja iliyokosa mlango.

Nashona Ndosho, pembeni mwa mji wa Goma, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Barabara yetu ni mawe meusi ya volkano yaliyosagwa na matairi, na kiangazi vumbi lake linaingia hadi kwenye chungu kilichofunikwa. Macho yaliniwasha, nikayasugua. Nisiwadanganye, kusugua kulikuwa na utamu. Nilikunja vidole na kukandamiza kwa vifundo, huku na huku, mpaka nikaona rangi. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mama mkwe alisema ni moshi wa mbabula, lile jiko letu la makaa, nikapikie nje. Jirani alisema ni vumbi la mlima. Kanisani dada mmoja alininong'oneza kwamba kuna mtu ananionea wivu kazi yangu. Nilibadilisha miwani mara tatu, na kila miwani ilinisaidia kwa msimu mmoja wa mvua tu, kisha taa za pikipiki zikaanza tena kuwa na mikia na mwezi ukawa na wenzake wawili.

Kilichonifikisha hospitali ni ndege. Mama Furaha, mteja wangu wa miaka mingi, alileta kitenge cha arusi ya mwanawe, chenye ndege wakubwa wa buluu. Anayejua kazi hii anajua kwamba kitenge cha namna hiyo hupimwa kwa macho. Pale mishono inapokutana kifuani, nusu ya ndege huyu lazima imkute nusu yake. Nilikata, nikashona, nikapiga pasi, nikaona kazi nzuri. Mama Furaha aliivaa, akasimama mbele ya kioo changu, akaufuata mshono wa kifuani kwa kidole.

“Kavira,” akasema, “angalia. Ndege yangu iko na vichwa mbili.”

“Ni modeli ya sasa, mama.”

Alicheka. Kisha akanitazama usoni na hakucheka tena. “Mama Esther, macho yako inagonjwa. Enda bakupime.” Esther ni binti yetu mkubwa, na kwa jina lake ndivyo watu wanavyoniita kwa heshima. Mama Furaha aliniachia ile nguo, akaenda kutafuta kitenge kingine. Hakunidai kitu, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Hospitalini daktari wa macho alinimulika, akaguna. Alisema anashuku kioo cha mbele cha jicho kimechongoka badala ya kuwa duara, lakini hawezi kuapa bila kukichorea ramani, na mashine ya kuchora hawana. Iko mjini, kwenye kliniki ya mtu binafsi, ya kujilipia. Tulijinyima, tukaenda. Nilichotaka kujua kilikuwa kimoja tu, kama nitaendelea kuwa fundi au nianze kutafuta namna nyingine ya kuishi.

Kliniki ilikuwa na viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti. Mezani alikaa binti mpole, mtu wa upande wa Masisi kwa lafudhi yake.

“Jina, mama?”

“Kavira.”

“Kavira nani?”

“Kavira wa Ndosho.”

Hapo ndipo nilipokosea. Mwaka wa kuzaliwa aliuchukua kwenye kadi yangu, akauingiza kwenye kompyuta ya mashine, lakini juu ya bahasha aliandika nilivyosema. Mimi nina jina la ubatizo na jina la baba. Ila kwetu Wanande mtoto huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa, na mtaani kwetu ukimtuma mtu kwa Kavira fundi atafika bila kuuliza. Sikufikiri kwamba nje ya mtaa Kavira maana yake ni binti wa pili tu, na mabinti wa pili tumejaa Goma nzima.

Na kama vile Mungu alitaka kunionya, niliketi karibu na mama mmoja mwenye kikapu kilichonukia udongo na maharagi. Alikuwa amenipita umri kidogo. Alikuja kwa ajili ya kichwa, kilimuuma kila aliposoma namba kwenye simu.

“Banakuita nani?” akaniuliza.

“Kavira.”

“Na miye Kavira. Masika yenu iko wapi?”

Yaani dada yangu mkubwa, kwa kuwa kila Kavira ana Masika wake. “Aliolewa Butembo,” nikasema.

“Yetu iko Beni. Ananitumaka kazi tu, mpaka leo, kwa telefone.”

Tuliwateta dada zetu wakubwa kwa raha. Nilimwambia nashona Ndosho; yeye alinunua maharagi Rutshuru na kuyauza Ndosho hiyo hiyo, upande wa soko. Binti wa mezani alipoita “Kavira,” tulisimama wote wawili, tukatazamana, tukacheka mpaka mzee mmoja akatuomba tupunguze. Tulicheka, na hakuna kati yetu aliyemwambia yule binti kwamba Kavira wa Ndosho tuko wawili.

Upimaji wenyewe hauna maumivu, asiwatishe mtu. Unaweka kidevu kwenye kikombe kidogo, paji la uso kwenye mkanda, unatazama duara zilizopangana kama sahani kabatini, na katikati kuna nukta nyekundu. Kijana wa mashine anasema usipepese. Hakuna kinachogusa jicho. Jicho moja, kisha la pili, na umemaliza kabla jasho halijakauka. Picha zilitumwa kwa daktari anayekaa ng'ambo ya mpaka, nasi tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu.

Wiki mbili hizo nilizihesabu kwa sindano. Tulirudi mimi na Kasereka. Mezani alikuwa mtu mwingine siku hiyo. “Kavira wa Ndosho?” “Njo miye,” ndiye mimi, nikajibu. Akavuta bahasha ya juu, akanipa. Tuliifungua barabarani, hatukuweza kungoja. Ndani kulikuwa na ramani mbili za duara, buluu na kijani kibichi tupu, na chini mistari miwili ya Kifaransa. Kasereka alisoma, akanifasiria: vioo vya macho yote mawili ni vizima, hakuna la kutaja.

Nililia pale pale, kando ya mama aliyechoma mahindi. Kasereka alinikumbatia mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yake. Jioni tuliitia karatasi ile ndani ya Biblia na tukasali na watoto.

Kesho yake asubuhi nilikuta sponji haina sindano hata moja.

“Papa Esther, umesahau?”

“Sikusahau. Mashini imesema uko muzima.”

“Lakini tundu siioni.”

“Utaizoea,” akasema, akachukua randa yake na kutoka.

Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa na ubaya siku hiyo. Aliamini karatasi, kama nilivyoiamini mimi. Lakini miezi miwili iliyofuata ilikuwa mibaya kuliko miaka miwili ya kwanza. Mvua ilinyesha kila alasiri, chumba kikawa giza, nami nikakaa na nguo za watu mapajani nikipapasa. Kila nilipolalamika, jibu lilikuwa ndani ya Biblia. Siku moja Kasereka alichoka, akaniambia, “Docteur anasema uko muzima, weye unasema uko mugonjwa. Kati yenu nani alisoma?” Mama mkwe alisema kwa upole kwamba labda nimechoka na kazi, nipumzike. Nilianza kukataa vitenge vyenye ndege, samaki na maua makubwa, nikapokea sare za shule tu, mishono ya kunyooka. Nami nikasugua macho zaidi kuliko zamani, kwani kama ni mazima, kusugua kuna ubaya gani?

Nasema wazi, niliogopa nimepata wazimu. Ugonjwa wenye jina unaweza kuuchukia. Ugonjwa ambao karatasi inaukana unakufanya ujichukie mwenyewe. Nililia nikiwa peke yangu, na nilimkasirikia Kasereka hadi tukawa tunapitana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Alasiri moja mvua ikiwa inapungua, mama mwenye kikapu kichwani alisimama mlangoni.

“Weye njo Kavira ya kushona?”

“Njo miye.”

Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa Kavira wa maharagi. Alitua kikapu, akachomoa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na ndani yake bahasha.

“Nilikutafuta wiki muzima,” akasema. “Ma-Kavira benye kushona hapa Ndosho ni wengi. Uko wa nne. Wa kwanza alitaka tu anishonee bulauzi.” Alikaa, akafuta uso kwa ncha ya kitenge. “Karatasi hii haiko yangu. Iko yako.”

Alinisimulia polepole. Bahasha yake ilisema kwamba macho yote mawili yamechongoka, la kulia zaidi, na kwamba asipotibiwa yataendelea. Yeye Kifaransa hakijui, kijana wa jirani alimsomea. Alikuwa amelia miezi miwili. Aliwaambia watoto wake kwamba mama yao anaelekea upofu, akaacha safari za Rutshuru, akaanza kumfundisha binti mdogo kupima maharagi. Kisha binti yake mkubwa, anayesomea uuguzi Butembo, akaja likizo, akaishika karatasi na kuona mwaka wa kuzaliwa.

“Akaniuliza, mama, weye ulizaliwa mwaka huu? Nikamuambia, mwaka huo miye nilikuwa nachunga mbuzi.”

“Ukafanya nini?”

“Nilicheka. Nilicheka sana, Kavira. Halafu nikakumbuka weye, pale kwenye kiti. Njo nikaacha kucheka.”

Nilichukua karatasi. Ramani zilikuwa na nyekundu chini ya katikati, imezungukwa na rangi ya chungwa na manjano, kama zile ramani za mlima wetu wa volkano tulizoonyeshwa shuleni kutufundisha njia za kukimbilia. Juu, kwa herufi ndogo, mwaka wangu. Mtanisamehe mkisikia kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Sikuwa na wazimu. Hofu ilikuja baadaye kidogo, ikakaa karibu na furaha, nikalia kwa zote mbili pamoja. Yule mama alinishika bega akangoja, bila kuniambia ninyamaze.

Angeweza kuitupa. Yeye alikuwa mzima, hakunidai, hakunijua ila kwa kicheko kimoja. Nilipomwambia hivyo alishangaa. “Niitupe? Na ningelala namna gani?” Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini sijui walisemaje juu ya anayekuletea dhiki yako mwenyewe mlangoni, imefungwa isilowe.

Kasereka alirudi, nikaweka karatasi mbili mezani na kumwonyesha miaka ya kuzaliwa. Alisoma zote mara mbili. Alikaa.

“Nilikosa,” akasema.

“Ni bahasha njo ilikosa. Na miye, sikusema majina yangu yote.”

“Hapana. Bahasha haikuwa inakutungia uzi. Miye njo niliacha.”

Asubuhi nilikuta sindano ishirini kwenye sponji. Sikuwa na kazi ya sindano ishirini.

Tulirudi kliniki, Kavira wawili pamoja na Kasereka nyuma yetu. Nilikwenda na hasira niliyoipanga njiani kote, lakini yule binti wa mezani alipoelewa, alifunika mdomo kwa mikono yote miwili na machozi yakamtoka, nikabaki na hasira isiyo na pa kuitua. Mkubwa wao aliomba radhi, akapanga nipimwe upya bila malipo siku ambayo daktari mwenyewe wa ng'ambo angekuwepo.

Daktari aliweka ramani ya zamani na mpya pamoja. Jicho la kushoto lilikuwa palepale. La kulia lilikuwa limesogea. “Umekuwa ukiyasugua?” akauliza. Nikasema ndiyo. Hakunigombeza, akasema tu kwamba kuanzia siku hiyo mikono yangu na macho yangu havifahamiani. Nawaambia nanyi vivyo hivyo: yakiwasha, tia kitambaa cha maji baridi, kaa juu ya mikono ukiweza, lakini usisugue. Kile ambacho la kulia lilipoteza katika miezi ile miwili hakikurudi, na siwezi kusema kwamba nimekizoea.

Matibabu nilifanyiwa ng'ambo ya mpaka, jicho moja, kisha la pili baada ya majuma kadhaa. Unalala chali, wanakudondoshea dawa ya manjano tena na tena, wanakuwekea mwanga wa buluu ili kioo kikaze kisiendelee kuchongoka. Ukiwa umelala hapo husikii kitu. Siku tatu zinazofuata ndizo kazi, ni kama mchanga wa moto chini ya kope, na machozi hayana adabu. Kasereka aliziba dirisha la chumba kwa kitenge cha kwanza alichokipata, na nilipoweza kufungua jicho nikaona ni nguo ya Mama Furaha, na yule ndege wa vichwa viwili akinitazama. Nilicheka ikaniuma. Kavira wa maharagi alikuja kila siku ya pili na bakuli la maharagi laini yaliyopondwa na ndizi, akanilisha kwa kijiko huku akimsengenya Masika wake. Mama mkwe alinisogezea mbabula mbali bila kusema tena habari za moshi.

Wakati wa mavuno ya maharagi nilipata lenzi ngumu za kuvaa ndani ya jicho. Kuzivaa nilijifunza kwa wiki mbili na matusi ya Kinande ambayo sikujua kama bado nayakumbuka. Siku ya kwanza zilipokaa, nilitoka kwenye kliniki nikaona majani ya mti, moja moja. Nikamgeukia mume wangu.

“Papa Esther, umezeeka. Kichwa yote iko nyeupe.”

“Nilizeeka zamani,” akasema. “Ulikuwa hauone.”

Sasa natunga uzi mwenyewe, kwa jicho la kushoto. Juu ya pikipiki navaa miwani mikubwa ya kukinga vumbi, na watoto wa mtaa wananiita rubani. Kuna siku za kiangazi ambazo lenzi hazivaliki, na siku hizo nakata sare za shule na kuacha ndege wapumzike. Lakini ilibaki kujulikana kama matibabu yameshika. Hilo mtu hawezi kulihisi, ramani tu ndiyo inayolijua, na daktari alisema turudi baada ya miezi sita.

Tulikwenda watatu, mimi, Kasereka na Kavira wa maharagi. Viti ni vilevile, televisheni bado haina sauti. Mezani yule binti wa Masisi aliniuliza jina la kuzaliwa, la ubatizo, la baba, na mwaka, akayarudia yote kwa sauti, na kwenye bahasha akayaandika yote hadi nafasi ikamwishia. Kidevu kikombeni, nukta nyekundu, usipepese. Wiki mbili tena za kungoja. Nilizishona, sikuzihesabu.

Siku ya majibu Kasereka alifungua bahasha palepale mbele ya meza. Nilitazama uso wake, kwa kuwa sasa nauona vizuri.

“Anasema hakuna kilichosogea,” akasema. “Macho yote mbili. Imeshika.”

Alitaka kunikumbatia. Nilimzuia kwa mkono, maana furaha ya namna hiyo nilikwisha kuipata mara moja na haikuwa yangu. Nikachukua karatasi na kumpa Kavira wa maharagi.

Aliiweka mapajani. Kifaransa bado hakijui, lakini namba anazijua, na majina yangu matatu alikwisha kujifunza jinsi yanavyoandikwa. Aliweka kidole juu ya mwaka, akakiacha hapo kidogo. Akakipeleka kwenye jina la kwanza, kwenye la pili, kwenye la baba yangu. Mzee aliyeketi karibu nasi aliinama kutazama. Kisha Kavira wa maharagi akaikunja karatasi vizuri, akaniwekea mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

“Iko yako, Kavira,” akasema. “Sasa furahi.”